Ubavu wa Ghorofa: Kutafuta Chanzo cha Kasoro za Nje kwenye Majengo Marefu ya Dodoma

Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu maghorofa mapya ya Dodoma huanza na neno rangi. Mwenye jengo husema rangi imefifia, imebabuka au imeota madoa, na anachotaka kwangu ni jina la rangi iliyo bora kuliko ile iliyopakwa. Mimi nikifika sisimami mbele ya jengo. Uso wa mbele ulishapewa vioo, paneli na taa, na kasoro zake zimefunikwa. Ninazunguka hadi ubavuni, kwenye ule ukuta mrefu usio na dirisha unaotazama uwanja wa jirani, kwa sababu huko hakuna aliyehangaika kuficha kitu. Kasoro iliyojificha mbele nimeikuta ubavuni ikiwa wazi mara nyingi, na ni mara chache sana chanzo chake kimekuwa rangi yenyewe. Kwa kawaida ni maji, na nyuma ya maji upo uamuzi uliofanyika mezani wakati jengo linachorwa.

Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kwa kuwa mwenye jengo huanza na kile anachokiona. Baadhi ya dalili zina chanzo kimoja na dawa fupi. Nyingine, hasa ile ya ukuta mtupu, zinahitaji subira kidogo.

Kabla ya kugusa ukuta

Chagua saa ya kutazama. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, na hupita upande wa kusini miezi iliyobaki, ilhali kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini mwaka mzima. Mabonde na matuta ya lipu huonekana pale mwanga unapoulamba ukuta kwa pembeni: ukuta wa kaskazini utazamwe asubuhi na mapema katika Juni au Julai, na ukuta wa mashariki utazamwe inapokaribia saa sita mchana. Ukienda saa ambayo jua linaupiga ukuta usoni, hata lipu mbovu itaonekana imenyooka.

Beba nyundo ndogo, penseli, chupa ya kupulizia maji, na karatasi yenye mchoro wa ukuta uliogawanywa kwa ghorofa. Kila doa na kila ufa uchorwe mahali pake, kisha macho yapande juu kutafuta kilichopo ghorofa moja au mbili zaidi ya hapo. Doa huonekana pale maji yanapotokea, na pale yanapoingia huwa ni mahali pengine. Fundi aliyezoea kuziba doa na kuondoka atarudi kuliziba kila mwaka.

Dalili: ubavu mzima ni mtupu, kuanzia chini hadi juu

Hii ndiyo dalili inayochukiza wapita njia na ndiyo ambayo wenye majengo huiona ya mwisho, kwa sababu wao huingia kwa mlango wa mbele. Ukuta wa ghorofa nane au tisa umesimama bila dirisha, bila mstari, bila kivuli, umepakwa rangi moja ya krimu ambayo vumbi limeshaigeuza. Kabla ya kumlaumu mtu, tafuta ni aina gani ya utupu.

Anza na bikoni, yaani zile alama za mpaka wa kiwanja. Pima umbali kutoka kwenye ukuta hadi mpaka wa kiwanja. Ikiwa ukuta umesimama juu ya mpaka wenyewe, utupu wake una sababu ya haki: dirisha la mpakani hupeleka moto kwa jirani na kuleta moto wake kwako, humchungulia mtu kwenye uwanja wake, na siku jirani akijenga litazibwa na tofali zake. Maduka ya zamani ya Uhindini yalishikana mabega kwa namna hiyohiyo, lakini kwa kuwa yote yalikuwa ya urefu unaokaribiana, hakuna aliyeuona ubavu wa mwenzake. Ugomvi na macho ulianza pale kiwanja kimoja kilipopanda ghorofa tisa na kile cha jirani kikabaki na duka la bati. Tena mji wenyewe haukuwazwa hivyo. Mpango Kabambe wa kwanza wa mwaka 1976, ulioandaliwa na washauri kutoka Kanada, uliipa Dodoma sura ya mji wa majengo ya chini uliotandazwa kufuata vilima vyake, na katika mji wa namna hiyo ubavu si hoja. Baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia, viwanja vya katikati vilianza kupanda kwenda juu huku vipimo vyake vikibaki vilevile vya zamani. Katika miji ya Kihispania kama Barcelona na Buenos Aires kuta hizi ni nyingi kiasi cha kuwa na jina lake, medianera, kwa hiyo aibu hii si yetu peke yetu.

Ikiwa ukuta uko mita kadhaa ndani ya mpaka na bado ni mtupu, tazama ramani ya ghorofa. Mara nyingi utakuta lifti, ngazi na vyoo vimesukumwa pembezoni ili sehemu ya mbele ipate ofisi za kupangisha. Hapo utupu ulikuwa wa uvivu kwa kiasi fulani, maana ngazi inahitaji mwanga na choo kinahitaji hewa, na madirisha madogo yaliyopangwa kwa mpangilio mmoja yangetosha kuupa ukuta uhai.

Aina ya tatu ni utupu wa makusudi unaostahili kutetewa. Ukuta unaotazama magharibi mjini hapa hupokea jua la alasiri likiwa chini, na kivuli cha zege juu ya dirisha hakisaidii kitu kwa jua la namna hiyo. Kwa dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5, kivuli chenye upana wa sentimita 85 hivi hulifunika lote saa sita mchana hata katika Juni; kwa dirisha la kusini, sentimita 47 hutosha hata katika Desemba. Kwa upande wa magharibi hakuna kipimo cha kukomboa jambo. Msanifu aliyeuacha ukuta huo bila madirisha makubwa amewapunguzia wapangaji gharama za viyoyozi, na anachodaiwa ni kuuvalisha tu.

Aina ya nne hujitambulisha yenyewe. Nondo zimechomoza kwenye kingo za slabu, yaani sakafu ya zege ya kila ghorofa, zikisubiri awamu ya pili, na chini ya kila nondo upo mchirizi wa kutu. Awamu ya pili ikichelewa miaka kumi, nondo hizo zitakuwa zimeliwa na hazitafaa kuunganishwa na chochote, na kutu yake itakuwa imelipasua zege la ukingo. Zipakwe saruji ya majimaji na zifunikwe kwa zege dhaifu linaloweza kuvunjwa baadaye.

Ipo na aina ya tano, ambayo ni ya michoro. Nimeona majalada ambamo mchoro wa uso wa mbele una rangi, miti na magari, na michoro ya pembeni ina mistari minne na maandishi "lipu na rangi". Mkandarasi aliyepewa mistari minne hujenga mistari minne. Anayeomba kibali cha ujenzi kwa jengo linalozidi majirani zake kwa ghorofa tatu au zaidi angefanya vyema kumtaka msanifu achore pande zote kwa uzito uleule, pamoja na picha ya jengo litakavyoonekana kutoka mbali, kwa kuwa hapa kwetu, mji ukiwa tambarare na vilima vyake vimetawanyika, ghorofa huonekana kutoka pande zote.

Dawa hutegemea aina. Ukuta wa mpakani usitobolewe. Kinachowezekana ni kufanya kazi juu ya uso wake: kukata mifereji ya kulala kwenye lipu katika kila usawa wa slabu, kubadilisha unene wa lipu ili kivuli kipatikane, na kuchagua rangi za udongo ambazo vumbi la Dodoma haliziaibishi. Rangi nyeupe kabisa ubavuni ni kujitafutia kazi. Ile mifereji ya kulala ina faida mbili, kwa kuwa pamoja na kuuvunja urefu wa ukuta humpa fundi mahali pa kukomea kazi ya siku bila kiungo kuonekana. Mchoro mkubwa wa msanii unapendeza, lakini uchorwe juu ya lipu iliyogongwa na kuthibitishwa kuwa imeshika, na kwa rangi zinazostahimili jua, la sivyo ndani ya misimu michache sura ya simba itakuwa imebaki nusu. Bango la tangazo lina kasoro moja inayosahaulika: kila boliti yake ni tundu jipya la maji. Mimea ya kutambaa siishauri katika mji unaopata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili mwanzoni.

Kwa ukuta ulio ndani ya mpaka, kutoboa madirisha baadaye kunawezekana, ila mhandisi aulizwe kwanza. Kuta nyingi za pembeni zilizo karibu na lifti ni za zege lenye nondo, na kazi yake ni kulizuia jengo lisiyumbe kwa upepo au tetemeko. Dodoma ipo pembezoni mwa Bonde la Ufa na ardhi yake hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo ukuta huo si wa kuchezewa na fundi mwenye gurainda.

Dalili: mistari ya kulala na lipu iliyopindapinda

Niliitwa kwenye jengo la ghorofa saba ambalo ubavu wake ulikuwa na mikunjo ya kulala kila baada ya mita moja na nusu hivi, kama shuka lililokunjuliwa bila kupigwa pasi. Mwenye jengo alikuwa amekwisha kulipia rangi mara mbili. Nilipogonga kwa nyundo, katikati ya kila mkanda palilia kama jiwe, na kwenye viungo palilia kama debe tupu. Lipu ilikuwa imepigwa na mafundi walioning'inia kwenye jukwaa lililofungwa kwa kamba kutoka juu ya paa, wakipiga eneo ambalo mkono unafika, kisha wakishushwa. Swali lilikuwa kwa nini hawakusimamisha majukwaa kutoka chini kama walivyofanya mbele, na jibu lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mpaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na hao wa juu?"

Nilimweleza kuwa nimekuja kuutazama ukuta tu. Alinionyesha bati la nyumba yake, ambalo lilikuwa na madonge ya lipu yaliyokaukia juu yake, na moja lilikuwa limelitoboa. Chini ya bati hilo aliweka nyungo za mlenda.

"Mlenda wangu wa mwaka mzima nauanika hapa," alisema. "Walikuja na mirunda yao bila hata kubisha hodi, nikawafukuza. Wangeniomba, ningewakatalia nini?"

Tangu siku hiyo, nikiona ubavu mbovu na uso wa mbele mzuri kwenye jengo lilelile, swali langu la kwanza ni nani alizungumza na jirani na lini. Ukuta wa mpakani haupigwi lipu kutoka hewani. Unahitaji majukwaa yaliyokanyaga ardhi, na ardhi hiyo si ya mwenye jengo. Makubaliano yafanyike kabla ya msingi kuchimbwa, yaandikwe, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, na yataje siku za kazi, wavu wa kukinga vinavyoanguka, bati zitakazobadilishwa na nani atafagia. Katika kisa hiki mwenye jengo alibadilisha bati sita na kusubiri mlenda uingizwe ndani, na majukwaa yakasimama. Lipu iliyokuwa ikilia debe ilibanduliwa yote, kwa sababu lipu iliyoachia haiwezi kushikishwa tena kwa rangi, kwa gundi wala kwa dua.

Ikiwa jirani naye anajenga kwenda juu na kuacha nafasi ya sentimita chache kati ya majengo mawili, kuna kasoro mbaya zaidi inayojitengeneza. Hakuna fundi atakayeingia humo, kwa hiyo tofali hubaki wazi, saruji inayomwagika huziba nafasi, na maji ya mvua hukaa humo yakitafuta njia ya kuingia vyumbani. Nafasi yenyewe inatakiwa, ili majengo yasigongane ardhi ikitikisika. Ifunikwe juu na pembeni kwa bati lililokunjwa na kufungwa upande mmoja tu, ili kila jengo licheze peke yake.

Dalili: michirizi myekundu au myeusi chini ya madirisha na kingo

Hii ni nyepesi. Kuanzia Juni hadi Novemba, upepo wa mashariki na kusini-mashariki hulaza vumbi jekundu kwenye kila kizingiti cha dirisha na juu ya kila ukingo. Mvua za kwanza za Desemba hulisomba lote kwa siku moja na kulimwaga ukutani. Ikiwa kizingiti hakijatokeza walau sentimita 4 nje ya lipu, na ikiwa chini yake hakuna mfereji mdogo wa kukatia tone, maji hurudi nyuma na kuandika ukutani njia yao. Dawa ni kuongeza kizingiti chenye mfereji huo. Kusafisha peke yake ni kazi ya kila mwaka.

Michirizi myeusi au ya kijani mahali pamoja tu, hasa kwenye ukuta wa kusini, mara nyingi hutoka kwenye kiyoyozi kinachodondosha maji. Ukuta mtupu una bahati mbaya ya kugeuzwa uwanja wa nyuma uliosimamishwa wima, ambapo kila mpangaji huning'iniza mashine yake na kuiacha mipira ya maji ikibembea. Bomba moja la kukusanyia maji lenye tawi katika kila ghorofa humaliza tatizo.

Dalili: ungaunga mweupe, rangi kuvimba na kubabuka

Watu husema ukuta unatoa chumvi, na kwa Dodoma neno hilo ni sahihi kuliko wanavyodhani. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, na jengo likijengwa kwa maji ya kisima kilichochimbwa palepale, chumvi hiyo inaingia kwenye zege, kwenye tofali na kwenye lipu. Huko hutulia hadi maji mengine yaje kuiyeyusha na kuitoa nje. Maji hayo ya pili ndiyo ya kutafutwa.

Kwanza tambua ungaunga wenyewe. Lowesha kidole, upanguse. Ukiyeyuka na kutoweka, ni chumvi ya kawaida. Usipoyeyuka, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa iliyotoka kwenye saruji yenyewe, na hiyo ni dalili kuwa maji yanapita ndani ya zege au ndani ya viungo vya tofali. Usiuoshe ukuta kwa maji, kwa kuwa utairudisha chumvi ndani. Uswakiwe ukiwa mkavu, ungaunga ukusanywe na kutupwa mbali.

Kisha panda juu ya paa. Chanzo ninachokikuta zaidi ya vyote ni ule ukuta mfupi unaozunguka paa, ambao mafundi huuita parapeti. Juu yake hupigwa lipu bapa isiyo na mteremko, lipu hiyo hupasuka kwa jua, na mvua huingia katikati ya tofali na kushuka ghorofa mbili chini kabla ya kutokeza. Weka vifuniko vya zege au vya bati vyenye mteremko wa kuelekea ndani ya paa, vikitokeza pande zote mbili. Chanzo cha pili ni bomba la maji ya mvua au la maji taka lililofichwa ndani ya ukuta likavuja kwenye kiungo. Hilo hutambulika kwa doa lisilojali msimu, lenye unyevu hata katika Septemba.

Ikiwa rangi imebabuka kila mahali kwa usawa na hakuna doa la maji, basi ni haraka ya kazi. Lipu mpya ya saruji ina ukali wa alikali unaofikia 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH, na inahitaji takribani siku 28 za kupevuka kabla ya kupakwa rangi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake mapema, alikali huila na kuigeuza kitu chenye kunata kama sabuni, na kweli ni sabuni, kwa kuwa mafuta na alikali ndivyo vinavyotengeneza sabuni. Kwangua hadi kwenye lipu, subiri ikauke, paka praima inayostahimili alikali, halafu rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua.

Dalili: nyufa

Nyufa ndogo zilizotawanyika kama utando wa buibui, zisizozidi unene wa karatasi, zinatokana na lipu kukauka kabla haijashika. Hewa ya Dodoma katika miezi ya kiangazi ni kavu na upepo haupumziki, kwa hiyo lipu iliyopigwa saa nne asubuhi inaweza kupoteza maji yake kabla ya saa nane. Kumwagilia kwa siku saba ni jambo ambalo kila fundi analijua, lakini maji yanaponunuliwa kwa boza, ubavuni ndiko kunakoanza kusahauliwa. Kwa kazi inayokuja, ukuta ufunikwe kwa turubai au magunia yaliyoloweshwa. Kwa nyufa zilizokwisha kutokea, rangi nzito yenye kunyumbulika hutosha.

Nyufa zilizonyooka kufuata nguzo na boriti zina sababu nyingine. Zege na tofali havitanuki wala kusinyaa sawasawa, na mpaka wao huchanika lipu ikipigwa juu yao bila wavu. Wavu wa chuma uvuke kiungo kwa sentimita 15 kila upande. Kwenye ubavu mtupu nyufa hizi huchora gridi nzima ya jengo, hata mtu asiye mhandisi akaweza kuhesabu nguzo akiwa barabarani.

Nyufa zinazopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, au zinazokwenda mshazari na kupanuka kuelekea juu, zimpeleke mwenye jengo kwa mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kwenda kwa fundi. Wakati akimsubiri, abandike kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa kwa jasi, aandike tarehe kwa penseli. Kioo kikipasuka, ufa bado unatembea, na kuuziba ni kupoteza saruji.

Dalili: vioo na paneli za mbele

Vyumba vyenye joto huku mapazia yakifungwa kutwa nzima ni dalili ya vioo vilivyotazamishwa mashariki au magharibi. Karatasi ya tinti hupunguza mwanga zaidi ya inavyopunguza joto, kwa hiyo kingajua cha mapezi yaliyosimama wima nje ya kioo ndicho kinachofaa. Ukungu kwenye kioo usiofutika kwa sabuni wala spiriti mara nyingi umetokana na maji ya saruji mbichi yaliyotiririka juu yake wakati wa ujenzi. Alikali imekila kioo na hakirudi, kitabadilishwa.

Paneli za aluminiamu zilizobonyea au kuvimba zimenyimwa nafasi ya kutanuka. Paneli ya rangi nyeusi juani inaweza kufikia nyuzi 70 za joto, na usiku wa Julai ikashuka hadi 13 au 14. Kwa urefu wa mita 3, tofauti hiyo ni karibu milimita 4. Ikiwa imefungwa kwa skurubu pande zote bila nafasi, itatafuta pa kwenda, na itakwenda mbele. Silikoni iliyochanika kwenye viungo ina maelezo hayohayo.

Lipo jambo moja kwenye paneli ambalo halionekani na ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Omba kipande kilichobaki, kitazame ukingoni, ujue katikati ya zile karatasi mbili za aluminiamu kuna nini. Ikiwa ni plastiki tupu, kikate na ukichome nje mahali salama: kitayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Jengo la Grenfell Tower jijini London lilivalishwa paneli za namna hiyo, na moto wa tarehe 14 Juni 2017 ulipanda nazo hadi juu na kuua watu 72. Kwa jengo lililokwisha kuvalishwa hivyo, mwite mhandisi wa moto na mzungumze kuhusu kuzibandua. Kwa jengo linalojengwa, zichaguliwe zenye kiini cha madini kisichoshika moto, na nafasi iliyo nyuma ya paneli izibwe katika kila usawa wa slabu ili isifanye kazi ya bomba la moshi.

Dalili haijaonekana, na muda wa matazamio unakwisha

Mikataba mingi humpa mkandarasi kipindi cha miezi 6 au 12 baada ya makabidhiano, ambapo kasoro zitakazojitokeza atazirekebisha kwa gharama zake. Kwa Dodoma miezi 6 ni mtego ambao sijui kama waliouandika waliufikiria. Jengo likikabidhiwa Mei, miezi 6 huisha Novemba, na katika muda wote huo ukuta haujaguswa na mvua ya maana. Parapeti inayovuja, kizingiti kisichokata maji na nafasi isiyofunikwa kati ya majengo zote zitaonekana Januari, fedha ya mkandarasi iliyozuiliwa kama dhamana ya marekebisho ikiwa imekwisha kulipwa. Anayeandaa mkataba aandike miezi 12, au aandike wazi kwamba kipindi hicho lazima kimeze msimu mmoja kamili wa mvua.

Kwa aliyekwisha kusaini miezi 6, njia iliyobaki ni kuleta mvua mwenyewe. Agiza boza moja la maji mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, pata pampu na mpira, na unyunyizie ukuta kuanzia ghorofa ya chini kwenda juu, si kinyume chake, ukikaa dakika 10 hivi kwenye kila sehemu huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua ni kiungo kipi kilichoyapitisha. Anza na ubavu. Kila penye unyevu paandikwe tarehe, saa na ghorofa kwenye mchoro uleule wa penseli, na mkandarasi pamoja na msimamizi waweke saini zao chini yake kabla ukuta haujakauka.